Mita ya Thelathini na Moja

Uwanjani walimwita Nukta. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho, na hata huko picha yenyewe ilishafifia.

Kazi yake ilikuwa kupima mbio. Si kwa saa ya kubonyeza kwa kidole, maana ukimtajia saa ya kubonyeza anakutazama kama umemtajia mume wa zamani. Yeye alikuwa na mageti: nguzo nne fupi za plastiki juu ya stendi za miguu mitatu, mbili zinawekwa mwanzo wa mbio, mbili mwisho. Kati ya nguzo na nguzo unapita mwali wa mwanga usioonekana kwa macho. Mkimbiaji akiukata wa kwanza kwa kifua, saa inaanza. Akiukata wa pili, saa inasimama. Muda unatokea kwenye kioo cha rimoti, rimoti iko mkononi mwa Nukta, na mkono wa Nukta hautetemeki.

"Nne nukta nane nne!" anatangaza, mpaka walioko barabarani wanasikia. Halafu anaongeza la kwake, bure, hujaomba. "Umekimbia kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani aliyoitoboa."

Kuna binti aliwahi kujitetea kwamba upepo ulikuwa wa mbele. Nukta akamwambia, "Upepo gani, mwanangu? Kwa mwendo ule hata upepo ulikuchoka, ukakupita." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Yule binti hakuonekana tena pale uwanjani, na Nukta hakuuliza alikokwenda. Kwake hilo nalo lilikuwa jibu la kipimo.

Ukimwambia apunguze ukali anasema, "Mashine haina shangazi." Yaani haina wa kumbembeleza, haina wa kumwonea haya. Alilisema hilo neno mara nyingi hivi kwamba vijana walikuwa wanalimalizia wao akiwa bado anafungua mdomo.

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa na miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyekuwa anakimbia, na alikuwa na mwalimu wa michezo aliyempenda kama mwanawe. Sasa, kidole gumba cha mtu anayekupenda kina tabia moja: huchelewa kuanza, huwahi kumaliza. Bunduki inalia, kidole kinasinzia kidogo. Bado hatua mbili ufike, kidole kimeshabonyeza kwa furaha. Kwa kidole kile, mita mia alizimaliza kwa sekunde kumi na moja nukta tisa. Mtaa mzima ulijua. Mama yake aliwaambia mpaka watu wa maji na watu wa umeme.

Akapelekwa kwenye mashindano makubwa, na huko kulikuwa na mashine. Mashine ikasema kumi na mbili nukta nne nane. Mistari minane, yeye wa nane. Alirudi nyumbani na begi lake, mama yake akamuuliza, "Vipi, saa yao ilikuwa mbovu?" Akasema, "Mbovu ilikuwa ya kwetu." Tangu siku hiyo hakukimbia tena, hata kwa kukimbilia mvua.

Wengine wakitukanwa hununa. Nukta aliolewa na aliyemtukana, yaani mashine. Miaka saba baadaye chama cha riadha kilipoletewa mageti kwenye maboksi mawili, hakuna aliyejua hata yafungwe vipi. Yeye alikuwa anafua jezi za timu pale. Alikaa na kile kijitabu cha maelekezo siku tatu, siku ya nne mageti yakasimama, ya tano akawa na kazi. Jezi akazikabidhi kwa mtu mwingine bila hata kumwonyesha sabuni ilipo.

Nyumbani walikuwa watatu, kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la kuchapisha kadi. Mama mtu, ambaye magoti yalishamkataa. Nukta mwenyewe. Na mdogo wake wa mwisho, mdogo kwake kwa miaka kumi na miwili, ambaye wote walimwita Kitinda. Kitinda alilelewa na Nukta zaidi ya mama. Alimnyoa, alimpeleka shule, alimchapa, alimtafutia viatu vya misumari vya kukimbilia. Neno zuri tu ndilo hakuwahi kumpa, kwa sababu neno zuri lilishamharibu yeye.

Na Kitinda alikuwa anakimbia. Mtoto anaruka kutoka mstarini kama amemwagiwa maji ya moto. Kocha, mtu mnene asiyevua kofia, alikuwa anampima mazoezini kwa saa ya kubonyeza na kutikisa kichwa. "Huyu hatari," anasema. Kitinda akija nyumbani kueleza muda wake, Nukta anauliza, "Kapima nani? Kocha? Basi hujapimwa."

"Si unipime wewe, Dada! Mageti unayo. Mara moja tu."

"Mageti si ya ndugu. Siku yako ikifika utapita kama wenzako."

Siku ikafika. Timu ya kupokezana vijiti ilikuwa inachaguliwa, mabinti wa chini ya miaka ishirini, waende kambini miezi minne, wakitoka huko wanasafiri. Sharti lilikuwa moja: mita thelathini kwa sekunde nne nukta mbili tano, au chini yake. Kitinda alikuwa na miaka kumi na tisa na miezi minane. Mwaka unaofuata angekuwa mzee kwa kambi hiyo. Na mama alishasema la kwake: "Likishindikana hili la mbio, unakwenda kwa mjomba wako." Mjomba alikuwa na tanuri la mikate, mji wa saa sita kwa basi, na alikuwa anataka mtu wa damu yake wa kukanda unga, kwa sababu wengine walikuwa wanamwibia hamira. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi. Chini ya nne nukta mbili tano, kambini. Juu yake, kwenye unga.

Majaribio yalikuwa siku mbili, Ijumaa na Jumamosi. Kitinda jina lake lilikuwa la Ijumaa, pamoja na wale wenye mbio zao. Nukta akalitoa, akalipeleka Jumamosi, kwenye kundi la mabaki: mabinti wawili waliokuwa wanaumwa siku ya kwanza na ambao hata wakiwa wazima hakuna aliyewategemea.

"Kwa nini, Dada?"

"Wasije wakasema."

"Waseme nini?"

"Wewe una maswali mengi kuliko mbio. Jumamosi."

Usiku wa kuamkia Jumamosi mvua ikanyesha, ikafuta chokaa yote. Uwanja ulikuwa wa nyasi, mistari yake ni ya kuchora, kwa hiyo asubuhi ikabidi mita thelathini zipimwe upya. Wakati kioo cha rimoti kinahesabu sekunde iliyokatwa vipande mia, umbali ulikuwa unapimwa kwa futi kamba ya kuvutwa kwa mikono, na hiyo futi ilikuwa kilema. Mwaka fulani mashine ya kukata nyasi iliitafuna mita yake ya kwanza. Ikawa inaanzia kwenye moja. Ukitaka thelathini unasoma thelathini na moja, basi, maisha yanaendelea. Nukta aliizoea miaka minne. Mkono wake ulikuwa unaongeza moja bila kuulizwa. Nyumbani aliwahi kumpimia mama yake pazia kwa futi ya fundi, futi nzima kabisa, na pazia likatoka likiburuta sakafuni mita nzima.

Asubuhi ile alitoa futi stoo, akamtupia Kitinda ile ncha. "Shika hapo mwanzo. Usiiachie."

Kitinda akachuchumaa kwenye mstari, akaiangalia ncha aliyoshika. Nukta alishaanza kuvuta, anarudi kinyumenyume.

"Dada, hii futi mbona..."

"Shika."

"Ila huku mwanzo ina..."

Kocha alikuwa anatazama. Mabinti wawili walikuwa wanatazama. Mjumbe wa chama, mwenye suti na kalamu tatu mfukoni, alikuwa anatazama. Dada mtu na mdogo mtu wanajadiliana juu ya futi, siku ya kupimwa mdogo mtu. Nukta akasikia damu ikimpanda.

"We mtoto! Umekuja kukimbia au kupiga domo? Shika kamba, funga mdomo. Ukiona huwezi kushika kamba, mikate utaishikaje?"

Walicheka. Kitinda akashika, akafunga mdomo. Nukta akasoma thelathini na moja, akachomeka kigingi, akasimamisha mageti.

Mabinti wawili walitangulia. Nne nukta sita na ushee wote wawili, na hakuna aliyeshangaa. Kisha Kitinda. Akaweka mguu nusu mita nyuma ya geti, kama sheria inavyotaka, akainama, akaondoka. Aliyemwona akiondoka alijua ameona mbio. Kocha alishika kofia.

Nukta akaangalia kioo. Nne nukta tatu moja.

Aliona kwamba si kweli. Hilo lazima lisemwe. Jicho lake lilikuwa na miaka ishirini likitazama watu wakikimbia, na jicho likasema: hapana, hii si nne nukta tatu. Lakini jicho ni jamaa ya kidole gumba, na Nukta alishaapa kutousikiliza ukoo mzima. Akatangaza. Mara ya pili, nne nukta tatu mbili. Mara ya tatu, na Kitinda akiwa ameng'ata midomo mpaka imepauka, nne nukta tatu moja tena.

Na kwa sababu alikuwa mdogo wake, akaona aongeze kuliko anavyowaongezea wengine. "Kocha, mwandike huyo," akasema kwa sauti ya kufika kote. "Andika: miguu ipo, mbio zilibaki tumboni kwa mama."

Mjumbe alicheka mpaka kalamu moja ikaanguka. Kitinda alivua viatu palepale mstarini, akatembea pekupeku hadi geti la kutokea. Jumatatu asubuhi alipanda basi kwenda kwa mjomba. Mama alimfungia nguo. Nukta alikuwa kazini.

Siku kumi zikapita. Jumanne moja Nukta anaingia uwanjani, akakuta Fundi Viatu amemnunia. Huyu fundi alikuwa na benchi lake ndani ya geti la uwanja, kando ya mlango wa stoo. Alishona viatu vya wakimbiaji, alitunza ufunguo wa stoo, na mdomo wake haukuwa na likizo. Fundi kunyamaza ilikuwa habari.

"Fundi, umefiwa?"

"Nimefiwa na shukrani," fundi akajibu bila kuinua macho kwenye soli. "Siku kumi na moja leo nasubiri ahsante. Nikasema labda dada Nukta ana mambo mengi. Nikasema labda hajaona. Sasa naona ni roho tu."

"Ahsante ya nini?"

"Ya nini! Futi yako si nimekushonea? Ijumaa ile ile mlipoondoka. Nilipata kipande cha futi nyingine, mita moja kamili, sufuri mpaka moja, nikakipachika mbele. Nimeshona mara mbili, uzi wa ngozi. Sasa hivi inaanzia sufuri kama ya Wazungu. Hamna tena habari ya kuongeza moja. Mwendawazimu gani anafanyiwa hivyo asiseme hata..."

Nukta alishaingia stoo.

Futi ilikuwa ya njano. Mita ya kwanza ilikuwa nyeupe. Mshono ulikuwa mzuri, wa mtu anayejua kazi yake, na tarakimu zilifuatana bila kuruka. Asiyekuwa kipofu angeona. Kitinda aliona. Kitinda aliishika ile ncha nyeupe mkononi, akasema "Dada", akasema mara mbili.

Nukta alikaa juu ya boksi la mageti. Akachukua kipande cha boksi na kalamu. Walimkimbiza mtoto mita thelathini na moja. Mita moja mwishoni, kwa binti wa kasi ile, inakula sehemu kumi na mbili za sekunde iliyokatwa mia. Nne nukta tatu moja, toa kumi na mbili. Akaandika: nne nukta moja tisa. Akaiangalia. Ijumaa walipita mabinti watano na hakuna hata mmoja aliyeshuka chini ya nne nukta mbili. Mdogo wake alikuwa wa kwanza kwa wote. Akakichana kile kipande cha boksi vipande vidogo kama vya kuwashia jiko.

Kocha alimsikiliza akiwa amesimama, anakula karanga.

"Kwa hiyo unaniambia," Kocha akasema, "siku kumi baada ya majina kutoka, dada wa aliyeanguka amekuja na futi yenye kiraka."

"Fundi ni shahidi. Muulize."

"Fundi shahidi wa kiraka. Shahidi wa kwamba wewe ulisoma thelathini na moja ni nani?"

"Mimi."

"Eeh." Kocha akatafuna. "Nukta, mama, mimi nakuamini. Lakini wewe mwenyewe umetufundisha hapa miaka minne mtu asiaminiwe. Aaminiwe kioo. Kioo kilisema nne tatu moja. Nikienda kwa mjumbe nikamwambia kioo kilikuwa sawa ila ardhi ilizidi, atanicheka na matumbo yake yote."

Hata hivyo akampeleka. Mjumbe alikuwa ofisini, kalamu tatu mfukoni. Akasikiliza, akauliza swali moja. "Sasa kosa hili ni la nani? Lazima niandike la nani."

Hapo ndipo Nukta angeweza kusema. Maneno yalikuwa machache: mdogo wangu aliona, akaniambia mara mbili, nikamfunga mdomo. Sikuangalia. Angesema hivyo, angerudi kufua jezi, na alijua.

"Fundi Viatu," akasema. "Aliichezea futi bila ruhusa."

Mjumbe akaandika. Jioni ileile fundi alitolewa getini na benchi lake, akahamia ng'ambo ya barabara, kwenye jua na vumbi, ufunguo wa stoo akanyang'anywa. Alipopita na nyundo na kalibu zake za viatu, Nukta alikuwa anafuta kioo cha rimoti kwa kitambaa. Fundi alisimama. "Dada Nukta," akasema, "nilidhani wewe una ulimi mbaya tu." Akavuka barabara.

Mjumbe alikuwa ametoa nafasi moja. Orodha inatiwa saini Ijumaa saa nne. Binti aletwe Ijumaa saa tatu, apimwe upya, futi mpya, mjumbe mwenyewe apime. Nukta akapanda basi Jumatano.

Tanuri la mjomba lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mabati meusi kwa moshi. Kitinda alikuwa mbele ya sinia la unga, kitambaa kichwani, mikono ina alama mbili tatu za kuungua. Yeye na wenzake walikuwa wanaanza kazi saa tisa za alfajiri, wanasimama mpaka adhuhuri. Alimwona dada yake, akaendelea kukanda.

Nukta akaeleza. Akaeleza mita, kiraka, Ijumaa saa tatu. Alieleza haraka, kama anayesoma tangazo la maji kukatika.

"Ulijua lini?" Kitinda akauliza.

"Jana."

"Na mimi nilikuambia lini?"

Nukta akatazama unga. Mjomba, aliyekuwa anahesabu mikate, akahesabu kimyakimya zaidi.

"Nilikuambia lini, Dada? Nikumbushe. Maana nilishika ncha kwa mkono huu. Nilisema futi mbona. Ukanijibu nini mbele za watu?"

"Kitinda, basi la kurudi ni saa nane."

"Nimekuuliza."

"Nilikuambia ufunge mdomo."

"Haya." Kitinda akafuta mikono kwenye aproni. "Mjomba, naomba siku tatu." Mjomba akasema mbili, ya tatu atatafuta mtu mwingine. Kitinda akasema mbili zitatosha: akishinda harudi, akishindwa anarudi na basi la siku hiyohiyo. Akaenda kuchukua viatu vyake vya misumari, ambavyo alikuwa navyo chini ya kitanda, ingawa alimwambia mama kwamba amevitupa.

Aliporudi, Nukta aliona miguu yake. Vigimbi vilikuwa vimejaa, vifundo vimevimba kwa kusimama, na alikuwa anatembea kwa kisigino, mwendo wa mama wa watoto sita. Jicho la Nukta likasema jambo. Safari hii alilisikiliza, na lilikuwa jambo baya. Lakini lipo la kufanya? Kati ya Jumatano na Ijumaa huwezi kumrudishia mtu siku kumi na tatu.

Ijumaa saa tatu mjumbe alikuja na futi mpya bado iko kwenye nailoni. Akapima mwenyewe, akapima tena kwa kurudi, akapiga magoti na suti yake kwenye nyasi. Thelathini. Hakuna tena cha kusingizia. Kocha alikuwepo, na wale mabinti watano waliopita walikuja kuangalia, wamevaa fulana mpya za kambi. Mmoja wao alikuwa anapiga picha kwa simu.

Mara ya kwanza, nne nukta mbili tisa.

"Bado baridi," Kocha akasema. "Pasha moto, mwanangu, pasha moto."

Mara ya pili, nne nukta mbili saba. Kitinda alirudi mstarini akiwa ameshika kiuno. Mabinti wa fulana mpya waliacha kuzungumza. Ukweli ni kwamba walikuwa wanamwombea, angalau watatu kati yao, kwa sababu mtu akiwa anazama hata adui yake hunyoosha shingo.

Mara ya tatu aliondoka vizuri kuliko zote. Mita kumi za kwanza zilikuwa za Kitinda yuleyule wa zamani. Kisha miguu ikaanza kukumbuka sakafu ya tanuri. Akakata mwali wa pili akiwa ameinama mbele kiasi kwamba alianguka na kubingirika, na akalala hapo, uso kwenye nyasi, akisubiri.

Kioo kilisema nne nukta mbili saba.

Na kioo kilikuwa mkononi mwa Nukta peke yake. Mjumbe alikuwa mstarini, hatua thelathini. Kocha alikuwa anakimbilia kumwinua Kitinda. Kidole gumba cha Nukta kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Angebonyeza, angetangaza nne nukta mbili nne, na duniani pasingekuwa na mtu wa kumbishia, kwa kuwa huyu ni Nukta, na mashine haina shangazi. Tatu tu. Mia tatu kati ya hizo za mia... hata hesabu ilimchanganya. Sehemu tatu za mia. Ukipepesa jicho umetumia kumi.

"Ngapi?" mjumbe akapaza sauti.

Nukta akakiondoa kidole juu ya kitufe.

"Nne nukta mbili saba."

Safari hii hakuongeza neno.

Mjumbe alikuja anapiga makofi. Kweli, makofi. "Mmeona?" akawaambia wale mabinti. "Mmeona mtu wa kazi? Damu yake hii, kitinda mimba wa mama yake, na hajapunguza hata chembe. Mama, kambini unakwenda wewe. Nakuandika leo. Mageti yako na wewe, miezi minne, tutakupa na chumba chako." Mabinti wakapiga makofi pia, kwa vile mjumbe alikuwa anapiga. Kitinda, ambaye Kocha alikuwa bado anamfuta majani mgongoni, akapiga mawili matatu.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na benchi moja la zege na bomba linalodondoka. Nukta alimkuta ameshavaa gauni la safari, anafungua kamba za viatu polepole.

"Dada, nikuulize kitu. Unijibu kama unavyowajibu wengine, usinionee haya."

"Uliza."

"Siku ile. Ukiitoa ile mita iliyozidi. Ningekuwa na ngapi?"

Nukta aliijua namba: nne nukta moja tisa. Alikuwa amelala nayo na kuamka nayo tangu Jumanne. Maisha yake yote ya utu uzima aliwatupia watu namba zao usoni, mbivu na mbichi, na hakuna aliyewahi kumwomba kwa upole hivi.

"Nilipiga hesabu," akasema. "Nne nukta mbili saba."

"Kama ya leo?"

"Ileile ya leo."

"Kwa hiyo hata pasingekuwa na kosa, nisingeingia."

"Usingeingia. Hukuwa nayo, Kitinda. Hukuwahi kuwa nayo. Ni kidole cha Kocha tu kilichokuwa kinakupa."

Kitinda alibaki ameshika kamba ya kiatu. Kisha mabega yakamshuka, akalia, lakini kilio cha aliyetua mzigo, kifupi, cha kupangusa kwa kiganja.

"Unajua wiki mbili hizi nimekuombea mabaya?" akasema, akicheka na kulia. "Kila nikikanda unga nakukanda wewe. Nilikuwa nasema dada yangu kaniua. Nilimwambia na mjomba. Kumbe bure. Kumbe nilikuwa sina." Akasimama, akamkumbatia Nukta shingoni kwa nguvu, ananuka hamira na jasho. "Nisamehe, Dada. Nisamehe sana. Na ahsante kwa kuniambia ukweli. Mwingine angenidanganya nikaja kuzeeka nalo."

Nukta alisema, "Yameisha." Sauti ilitoka vizuri tu.

Kitinda alivifunga viatu viwili kwa kamba zake, akavipima uzito mkononi, akamkabidhi. "Kule kambini mpe mwenye mbio. Mimi nina basi la saa nane."

Akatoka akitembea kwa kisigino. Nukta akabaki amevishika. Vilikuwa bado vya moto.